Shamba Bagamoyo, Muhuri Dar: Namna ya Kutambulishwa Mbele ya Wakili na Kulisoma Eneo Kabla ya Kusaini

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kununua shamba au kiwanja ng'ambo ya Bunju: Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, hadi Bagamoyo yenyewe na vijiji vyake. Watu wa mjini hushughulika na bei kwanza, kisha dalali, kisha muhuri. Kwa maoni yangu mpangilio huo ni wa kichwa chini miguu juu. Yapo maswali mawili yanayotangulia bei: huyu anayeniuzia ni nani, na ardhi hii ni ipi? La kwanza lina kanuni zake ofisini kwa wakili. La pili hujibiwa kwa miguu, shambani, na huko ndiko utakapokutana na mikoko, makaburi ya kale na mibuyu ambayo inaweza kukubadilishia mpango mzima.

Nimefuata mpangilio wa kazi yenyewe. Hatua fupi ni fupi kwa sababu hazina mengi.

Hatua ya 1: Mchunguze wakili kabla hajakuchunguza wewe

Kwa Tanzania Bara, kazi ya kuapisha na kuthibitisha nyaraka inaongozwa na Sheria ya Wathibitishaji wa Umma na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12. Mtaani tunasema tu "nenda kagonge muhuri kwa wakili", na kweli wengi wanaofanya kazi hii ni mawakili. Mahakimu nao huapisha, ndiyo maana hati nyingi za viapo hutoka Mahakama ya Mwanzo.

Leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka, na wapo wasiohuisha. Bango la mlangoni na suti havithibitishi kitu. Ingia kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, tafuta jina lake, uone kama anaruhusiwa kufanya kazi. Ni dakika chache kwenye simu, na wakili wa kweli hachukii ukifanya hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kamishna wa viapo, yaani wakili au mwingine mwenye mamlaka ya kuapisha, haruhusiwi kuapisha katika shauri ambalo yeye mwenyewe ni wakili wa mmojawapo wa wahusika, au ambalo ana maslahi nalo. Kwa hiyo ikiwa wakili anayesimamia kesi yako ya ardhi anataka akuapishe mwenyewe, mwambie kwa heshima kwamba utakwenda kwa mwingine. Na ukigundua kwamba wakili mliyeletewa na muuzaji ni shemeji yake, chukua karatasi zako.

Hatua ya 2: Panga vitambulisho, na uyasome majina herufi kwa herufi

Kitambulisho cha Taifa ndicho kinachoulizwa kwanza siku hizi. Kadi ikiwa haijatoka, namba ya NIDA hutumika, lakini namba peke yake haina sura. Beba na kitu chenye picha: pasipoti, leseni ya udereva au kadi ya mpiga kura. Kwa pasipoti na leseni, tazama tarehe ya kwisha muda wake.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, ikianza na mwaka. Hapo unaweza kugundua jambo bila kuuliza swali. Mtu anayejieleza kuwa alilima shamba hilo tangu kabla ya Vita vya Kagera, na namba yake inaanza na 1991, ana maelezo ya kutoa.

Tatizo la kawaida hapa Dar huwa si kukosa kitambulisho. Ni kuwa navyo vitatu visivyokubaliana. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, NIDA inasema Mohamed, cheti cha shule kinasema Muhamadi na jina la babu limeachwa. Ukiingia kwenye mkataba hivyo hivyo, miaka kumi baadaye watoto wako watahangaika kueleza kwamba huyo ni baba mmoja. Tibu kwanza. Kama ni tofauti za uandishi, hati ya kiapo inayotamka kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja kwa kawaida hutosha. Kama umeliacha jina la zamani kabisa na kuchukua jipya, hapo unahitaji hati ya kubadili jina, nayo husajiliwa kwa Msajili wa Nyaraka.

Asiye na kitambulisho chochote apitie serikali ya mtaa. Mwenyekiti au mtendaji huandika barua ya utambulisho, picha hubandikwa juu yake, na muhuri hupigwa nusu kwenye picha na nusu kwenye karatasi. Muhuri ukiwa pembeni tu, picha inaweza kubanduliwa na kuwekwa nyingine. Mwombe aupige tena.

Kuhusu nakala: wakili anapothibitisha kwamba nakala ni sawa na hati halisi, lazima aione hati halisi. Picha iliyopo kwenye simu haihesabiki. Beba karatasi yenyewe.

Hatua ya 3: Soma maneno ya chini kabisa

Watu husoma bei, husoma ukubwa wa shamba, wakifika chini husaini. Lakini nguvu ya hati, iwe ya mkataba au ya kiapo, ipo hapo chini, kwenye maneno ya ushuhuda ambayo kwa kawaida huandikwa hivi:

"Imesainiwa na kutolewa hapa Dar es Salaam na ______, ambaye ninamfahamu mimi binafsi / ambaye ametambulishwa kwangu na ______, ambaye ninamfahamu mimi binafsi, leo tarehe ______."

Isome tena taratibu. Kuna njia mbili tu humo. Ama wakili anakufahamu yeye mwenyewe, ama analetewa mtu anayemfahamu yeye, na huyo ndiye anayekutambulisha. Kadi inamsaidia wakili kulinganisha jina na sura, na wengi huandika namba yake kwenye hati, jambo zuri. Ila maneno yenyewe yanataka mtu amfahamu mtu. Ni mnyororo: wakili, mtambulishaji, wewe. Pete moja ikiwa ya uongo, mnyororo wote umekatika.

Kwa hiyo, kama wakili hakujui, nenda na mtu anayemjua. Anaweza kuwa mfanyakazi mwenzako aliyewahi kuhudumiwa na ofisi hiyo, jirani, au kiongozi wa msikiti wenu au jumuiya yenu. Huyo mtambulishaji naye aandike jina lake kamili, na sehemu isiyotumika ikatwe kwa kalamu. Ukiona njia zote mbili zimeachwa bila kukatwa, ujue aliyeandaa hati hakusoma alichokiandaa.

Dalali asiwe mtambulishaji. Simtukani dalali yeyote. Ana riziki yake ndani ya jambo hili, na riziki haipaswi kuwa shahidi.

Baada ya hapo tazama mambo matatu: jina la aliyeapisha limeandikwa kwa maneno yanayosomeka, mahali pametajwa, tarehe imejazwa. Sheria inamtaka kamishna aingize jina lake na ataje kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipotolewa. Mahakama zetu zimewahi kuzitupa hati za viapo kwa kasoro za sehemu hii tu, hata kama yaliyomo ndani yalikuwa kweli tupu. Usikubali pengo la tarehe liachwe wazi "litajazwa baadaye".

Na usaini mbele yake. Zipo ofisi ambazo karani anapokea karatasi dirishani, anagonga muhuri, anapokea fedha, na wakili hata hajafika mjini. Ni rahisi na ni haraka, na siku mwenzako akikana saini yake mahakamani, hakuna mtu duniani atakayesema "nilimwona akisaini". Subiri, hata kwa muda wa saa mbili.

Mkristo kwa kawaida hula kiapo, Mwislamu na wengine hutoa uthibitisho. Ndiyo sababu mwanzo wa hati hutaja dini yako. Hakikisha haijaandikwa ya mteja aliyetangulia, makarani hunakili.

Hatua ya 4: Mtambue muuzaji kuliko unavyojitambulisha wewe

Wanunuzi wengi huingia kwa wakili wakiwa na vitambulisho vyao safi, wakaridhika. Hasara lakini hutoka upande wa pili wa meza.

Muulize kwanza amelipataje shamba. Akisema amelirithi, neno "nimerithi" halitoshi. Aonyeshe barua ya usimamizi wa mirathi. Kama shauri lilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, hiyo ni ile fomu namba IV. Jina kwenye fomu lifanane na kitambulisho, na uelewe kwamba msimamizi ni mtunzaji wa mali ya warithi wote. Ukitaka usingizi mzuri, warithi wazima wote wasaini kuridhia, kila mmoja kwa kitambulisho chake. Ndugu aliyeko Mwanza asiyejua kwamba shamba limeuzwa ndiye atakayefungua kesi.

Akisema anauza kwa niaba ya mwingine, dai hati iliyompa mamlaka hayo, uone kama inataja kuuza na inataja shamba hilo. Kisha mpigie mwenye mali, umwone uso kwenye simu, mzungumze.

Kama ana mume au mke, ridhaa ya mwenza iandikwe na isainiwe. Kwa nyumba ya ndoa hili ni la lazima kisheria, na hata kwa shamba tupu mimi nisingeliacha. Mwenza naye atambulishwe kama wengine. Wapo waliosainiwa na "mke" aliyeokotwa kituo cha daladala.

Muuzaji mzee asiyejua kusoma anastahili uangalifu wa pekee. Hati isomwe yote kwa sauti, kwa lugha anayoielewa, na iandikwe humo kwamba amesomewa na ameelewa, ndipo aweke dole gumba. Awepo mwanawe au mtu wake wa karibu. Mpe shikamoo, keti naye, muulize kwa maneno yake mwenyewe anauza nini na kwa kiasi gani. Jibu lake likitofautiana na karatasi, ahirisha.

Hatua ya 5: Nenda ukalione eneo, na ukipata nafasi pitia Kaole kwanza

Magari ya Bagamoyo hupatikana kituo cha Makumbusho, Dar es Salaam. Ukishafika, bodaboda au bajaji zitakufikisha vijijini. Piga simu kwa mtendaji wa kijiji kabla, usitegemee kumkuta ofisini Jumamosi. Siku ya kazi ni bora kwa karatasi, mwisho wa wiki ni bora kwa kutembea.

Kwa nini Kaole kwanza? Kwa sababu huko, kilomita kama tano kusini ya mji wa Bagamoyo, ndiko utakapoona kwa macho namna ardhi ya pwani isivyotulia. Ni magofu ya mji wa Waswahili uliokuwa hai tangu karne ya 13, wenye misikiti miwili ya mawe ya matumbawe na makaburi, mengine yakiwa na nguzo ndefu ambazo zamani zilipambwa kwa bakuli za kutoka China. Ulikuwa mji wa bandari. Leo ukisimama kwenye magofu unatazama mikoko. Tope na miti vimeusukuma mbali ufukwe uliokuwa ukipokea majahazi. Kuna pia mbuyu mkubwa ambao wenyeji wana simulizi zake. Vaa kwa heshima, kwani baadhi ya makaburi bado watu hufika kuomba dua.

Sasa rudi kwenye mkataba wako. Mikataba mingi ya vijijini huandika mipaka hivi: kaskazini mwembe, kusini mkondo, mashariki mbuyu, magharibi njia ya ng'ombe. Ni lugha nzuri na wazee wanaielewa, lakini mwembe hukatwa kwa mkaa, mkondo huhama mvua ikizidi, na njia ya ng'ombe hufuata ng'ombe. Bahari yenyewe imehama Kaole. Taja alama hizo, usiziache, ila ongeza majina ya majirani wa pande nne, wote wasaini, na vipimo vilivyochukuliwa na mpima mwenye kifaa. Pigeni picha mkiwa mmesimama kila kona.

Kisha kuna alama ambazo hazikuonyeshi mpaka tu, zinakukataza kununua au kujenga. Hizi ndizo za kutembea ukizitafuta:

Mikoko. Misitu ya mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali. Upande wa Mbegani, Mlingotini na kwenye mdomo wa Ruvu utauziwa "ufukwe" ambao maji yakijaa ni msitu wa mikoko. Nenda wakati bahari imejaa, si wakati imekupwa, na hapo maji yenyewe yatakuonyesha.

Ukingo wa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ukingo wa mto. Hesabu hatua zako. Kama shamba lote lina upana wa mita 70 toka majini, umenunua mita 10 za kujenga. Bonde la Ruvu lina udongo mzuri na viboko. Wanaolima huko wanajua yote mawili.

Mawe ya kale. Ukikuta ukuta wa matumbawe kichakani, kaburi la mawe lisilo na mwenyewe, au vigae vya zamani vilivyotapakaa, simama. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo, makaburi na miundo iliyojengwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na anayegundua anapaswa kutoa taarifa. Inalinda hata milango na miimo iliyochongwa kwa nakshi za Kiafrika au za Mashariki kabla ya mwaka 1940. Kwa hiyo nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo inayouzwa "na mlango wake" si jambo la kwenda nalo kwa fundi seremala. Pwani hii ina mabaki mengi kuliko yale yenye mabango, na tingatinga la mnunuzi likishapita hakuna muhuri utakaoyarudisha.

Makaburi ya juzi juzi nayo yaulize. Familia ikiwa imezika shambani, haki ya kuzuru iandikwe kwenye mkataba.

Hatua ya 6: Kijiji

Maeneo mengine ya njia ya Bagamoyo yamepimwa kuwa viwanja, na mengine bado ni ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kwa ardhi ya kijiji, muhuri wa wakili wa Dar hauchukui nafasi ya halmashauri ya kijiji. Ombi lipite huko, lijadiliwe, na muhtasari uandikwe. Omba nakala yenye muhuri na saini za mwenyekiti na mtendaji. Saini ya mwenyekiti wa kitongoji peke yake, chini ya mti, haitoshi. Utajitambulisha tena hapo, na barua ya utambulisho kutoka mtaa wako wa Dar itakurahisishia sana, kwa kuwa wanakijiji wana haki ya kujua jirani mpya ni nani. Ukiambiwa utoe asilimia fulani ya bei, ulizia inaingia wapi na dai stakabadhi.

Hatua ya 7: Siku ya kusaini

Wote wakae chumba kimoja. Mkisaini Kerege, hati iseme Kerege, isiandikwe Dar es Salaam kwa sababu tu ofisi ya wakili ipo Kisutu. Gharama ya kumsafirisha wakili hadi kijijini ni ndogo ukilinganisha na bei ya ardhi, na faida yake ni kwamba anaonana na majirani na mtendaji papo hapo. Kila ukurasa usainiwe. Fedha zipite benki kwa jina lililo kwenye kitambulisho cha muuzaji, si kwa "mdogo wake". Nakala ziwe angalau tatu: yako, ya muuzaji, ya kijiji.

Hatua ya 8: Mchana uliobaki

Kazi ikiisha mapema, mji upo karibu. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi 1891 yalipohamishiwa Dar es Salaam, na Boma lao lilijengwa 1897. Tembea Mji Mkongwe kwa miguu, pita Karavanserai walipopumzika wapagazi waliotoka bara, shuka hadi soko la samaki. Kisha nenda Misheni ya Wamisionari wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa 1868. Februari 1874 mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, ulilazwa hapo kabla ya kuvushwa Zanzibar, baada ya watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kuubeba miezi mingi kutoka ilipo Zambia ya leo; makumbusho ya misheni ina habari za biashara ya watumwa ambazo watoto wa Dar wanapaswa kuzisoma wakiwa wamesimama. Tangu 2006 njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu iliyofika Bagamoyo ipo kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia.

Saadani usiichanganye na siku ya karatasi. Ni hifadhi ya taifa pekee nchini inayopakana na Bahari ya Hindi, kasa huja kutaga fukwe za Madete, na Mto Wami una viboko na mamba; inataka siku yake nzima, na wakati wa masika ulizia hali ya njia kabla. Beba kitambulisho huko pia, na Kaole vilevile, kwani Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, na pale langoni hakuna wa kukutambulisha.